Nyumba ya Azuka na Wanaume Thelathini na Wawili

Alhamisi, 4 Mei

Muhula wa tatu umefunguliwa na mvua. Paa la kidato cha tano linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya meza yangu, kwa hiyo nimefundisha nikiwa nimesimama dirishani. Somo ni aina za serikali. Nimechora jedwali langu la kila mwaka: utawala wa mmoja, wa wachache, wa wengi. Kwenye safu ya mmoja nimeandika kwetu Ekiti, ambako kila mji una mfalme wake. Kwenye safu ya wengi nimeandika hapahapa Amaogwu, nchi ya Waigbo, ambako kila mwanamume ni mfalme mlangoni kwake.

Chidubem, mwenye akili nyingi na adabu kidogo, kanyosha mkono. "Mwalimu, na hawa wanajeshi wa Abuja tuwaweke safu gani?"

"Wewe nakuweka safu ya watakaofuta ubao hadi Ijumaa."

Wamecheka, na mimi nimeliponyoka swali.

Daftari hili nimelianza kwa sababu nilizoea kuwa na mtu wa kumweleza habari za siku. Mume wangu Azuka alifariki Januari. Usiku binti yetu Somadina akishalala, nyumba inakuwa kimya mpaka nasikia saa ya ukutani.

Jumapili, 7 Mei. Siku ya soko la Afo

Leo ukoo wa mume wangu umekaa kwa mara ya kwanza kuzungumzia nyumba hii. Soko hilo huja kila siku ya nne, nao wanakutana kila Afo ya pili, ukumbini kwa Mzee Anyaorah, mkubwa wao kwa umri. Wanaume thelathini na wawili. Jambo lenyewe ni jepesi kulieleza: Azuka alijenga vyumba vitatu na baraza juu ya ardhi ya baba yao. Hakuacha mtoto wa kiume, ameacha mimi na Somadina wa miaka tisa. Shemeji Okwuchi, mdogo wake, anasema mwalimu ana mshahara na shule ina nyumba za walimu, basi hii irudi kwa ukoo, mwanawe aingie na mke baada ya sikukuu ya viazi vikuu vipya, Agosti.

Mimi sitaki nyumba ya shule. Dirisha la jikoni hapa alilipima Azuka kwa urefu wangu, nikiwa nimesimama na mwiko mkononi, ili niione barabara huku nikikoroga.

Wamekaa kuanzia asubuhi hadi alasiri. Saa nzima ya kwanza imeishia kwenye kola, ile kokwa ya kutafuna ya kufungulia kikao: nani aibariki, nani aipasue, nani aanze kutafuna. Kisha kila mmoja akasema, hata waliosema kwamba hawana la kusema. Mzee Anyaorah kanipitia alipotoka kunyoosha miguu. "Mke wetu, tumelisikia. Tutalirudia."

Jumatano, 10 Mei

Mvua. Jembe la Azuka halionekani. Nimetafuta stoo nzima.

Jumatatu, 15 Mei. Afo

Wamelirudia. Hawakulimaliza.

Alhamisi, 18 Mei

Nimepita shambani nikitoka shule. Viazi vikuu alivyovipanda kibarua wangu mwezi wa tatu vimeanza kutambaa juu ya miti yake, na chini pamepaliliwa safi, vilima vyote vya viazi. Sikumtuma mtu. Nimedhani ni Chidubem na wenzake wanatafuta alama, lakini nilipowauliza walinitazama kama niliyewasingizia wizi.

Jumanne, 23 Mei. Afo

Wamelirudia tena. Safari hii wamegombana kuhusu mpaka wa shamba la babu yao, jambo la kabla sijazaliwa. Nimesikia sauti ya Okwuchi kutoka jikoni kwangu. Ana koo la kuita watu waliovuka mto.

Jumatano, 31 Mei. Afo

Lilelile. "Tutalirudia, mke wetu."

Nimekasirika hadi ugali ukaungua. Nilipokuwa na miaka minane, baba yangu alikuwa na kesi ya ardhi na jirani. Tulikwenda kwa mfalme wetu tumevaa nguo mpya. Mfalme alikuwa amefunikwa uso kwa shanga, tukapiga magoti, akasema sentensi moja, na kesi ikaisha. Tulirudi nyumbani kabla jua halijakuwa kali. Ndiyo serikali hiyo! Mtu mmoja, mdomo mmoja. Hapa midomo thelathini na miwili, na mimi silali.

Leo darasani nimeusifu utawala wa mmoja kuliko mtaala unavyoruhusu.

Jumamosi, 10 Juni

Juzi ilikuwa Afo nyingine na wameahirisha tena, kwa hiyo leo nimefanya kitu. Nimevaa kitambaa changu cha buluu cha kwetu, nimechukua chupa mbili za jini na mtandio wa kufuma, nimetembea maili mbili kwa tope hadi kwa Igwe, mfalme wa mji huu mwenye cheti cha serikali ukutani. Nimepiga magoti yote mawili kama nilivyofunzwa. Nadhani hakuna aliyewahi kumpigia hivyo, maana alikaa sawasawa kwenye kiti na kuitengeneza kofia. Amesikiliza. Amemwita karani. Barua imepigwa chapa nikiwa palepale: ukoo unaagizwa uniachie nyumba.

Dakika ishirini! Nimerudi nikiimba, viatu mkononi.

Jumatatu, 12 Juni

Shamba limepaliliwa tena. Jembe bado halijaonekana.

Ijumaa, 16 Juni. Afo



Barua ya Igwe imesomwa ukumbini. Nilikuwa nimerudi kutoka shule mapema kusubiri habari njema. Ikazuka kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa watu hawa wenye kelele. Si Okwuchi peke yake, wote. Hata wale walioniletea mahindi na matunda ya ube wiki iliyopita.

Mzee Anyaorah amekuja jioni kwa mkongojo. Nimemwekea kiti na maji. Maji hakuyagusa.

"Mwalimu," kaniambia. Miaka kumi na miwili ananiita mke wetu. "Huyu Igwe ni rafiki yangu. Tunacheza naye bao. Mji ukitaka bomba la maji, anatusemea kwa serikali, na anasema vizuri. Lakini nani alimwambia kwamba ukoo wangu una bwana?"

"Mzee, nilitaka tu liishe."

"Lilikuwa linaisha."

"Mzee! Mara tano mmekaa. Limeisha wapi?"

"Siku ya kwanza walikuwa kumi na tisa upande wa Okwuchi. Kikao kilichopita walibaki saba. Ulikuwa hujui?" Kanitazama sana. "Hukuuliza. Ulikaa jikoni ukahesabu siku. Leo wamerudi ishirini na wanane, na si kwamba wanampenda Okwuchi. Wamekasirika kuamrishwa."

Ameondoka. Somadina kauliza mbona babu hakumletea karanga. Nimemwambia amesahau.

Jumamosi, 17 Juni

Sijatoka.

Jumanne, 20 Juni

Alfajiri Mama Obiageli kapita na kengele yake ya chuma akiwaita wake wa ukoo kwenda kufagia uwanja wa soko. Kila mara namlaani kimoyomoyo, maana ananikatisha usingizi na napenda kufagia kama paka anavyopenda kuoga. Nilisikia akimwita jirani wa kulia. Nikasikia hatua zake zikipita mlangoni kwangu. Akamwita jirani wa kushoto.

Nimekaa kitandani na ufagio mapajani hadi kulipokucha.

Jumamosi, 24 Juni. Afo

Hata hawakulitaja. Nilidhani hakuna kibaya kuliko kuahirishwa.

Jumatano, 28 Juni

Barua ya Baba kutoka Ekiti. Nilimwandikia kila kitu, na mwishoni nilimwambia kwamba laiti ukoo huu ungekuwa na mfalme kama wetu. Nanakili hapa, nisije nikaipoteza:

"Morenike mwanangu, umenichekesha nikiwa na huzuni. Unasema kesi yangu iliisha kwa sentensi moja. Mama, ile kesi ilichukua miaka miwili na nusu. Machifu walikaa mara nyingi, mara nyingine hadi kwa taa. Wakubwa wa mitaa waliitwa, wanawake wa sokoni waliulizwa, na mganga wa mvua aliulizwa ingawa hakujua lolote. Walipokubaliana wote ndipo wakampelekea mfalme neno la kusema. Angesema jingine, machifu wangeacha kuingia kwake, na mfalme asiyetembelewa na machifu wake hajui asubuhi itamkuta wapi. Wewe ulikuja siku ya nguo mpya. Nilikupeleka makusudi, uone mwisho mzuri."

Nimeisoma mara nne. Miaka kumi na moja nafundisha watoto wa watu kwa jedwali nililolichora nikiwa na miaka minane.

Alhamisi, 29 Juni

Nimefuta jedwali. Nimewaambia kidato cha tano: tusianze na nani anatoa amri. Tuanze na nani anaweza kukataa, akasikilizwa. Andikeni serikali yoyote mnayoijua, hata ya nyumbani kwenu.

Chidubem kaandika kwamba kwao anatawala bibi yake kwa njia ya kijeshi. Lakini Ukamaka, yule binti mkimya wa dawati la nyuma, hakuandika. Kasimama na daftari la dada yake, alimonakili somo langu la mwaka jana.

"Mwalimu, hapa ulifundisha kwamba katika ukoo wanawake hawana sauti."

"Barazani hawaingii, Ukamaka."

"Wake hawaingii. Mabinti je? Mabinti waliozaliwa kwenye ukoo wakaolewa nje. Kwetu wakirudi kwa umoja wao, baba zetu wanaficha hata viatu. Wasipoosha maiti, maiti haizikwi. Hukuwaweka kwenye safu yoyote."

Darasa zima limenitazama kwa huruma. Nimemwambia aje ubaoni aongeze safu mwenyewe.

Jumapili, 2 Julai. Afo

Mvua imenyesha mchana kutwa. Nimeogopa kwenda kwa wifi yangu, sikuenda.

Jumanne, 4 Julai

Nimekwenda.

Wifi Nwakaego ndiye binti mkubwa wa ukoo, dada wa kwanza wa Azuka na Okwuchi. Ameolewa kijiji cha jirani, nyumba ya kona, barabara ya kwa Igwe. Tangu mazishi hatujasemezana zaidi ya salamu. Mazishini alinipokonya shuka la Azuka mikononi akaenda kulifua mwenyewe, na nikahesabu hilo kuwa chuki.

Alikuwa anaosha majani machungu ya supu, anayasugua na kuyakamua hadi povu linatoka. Nimepiga magoti kabla sijakumbuka kwamba magoti ndiyo yaliyoniponza.

"Inuka, inuka! Hayo magoti utayamaliza, na bado una ngazi za shule za kupanda."

"Wifi, nimekosea."

"Hilo najua. Unajua ulikosea wapi?"

"Nilikwenda kwa Igwe."

"Igwe!" Katupa majani ndani ya karai, maji yakanirukia. "Nani ana shida na Igwe? Ulipita hapa. Nilikuwa nimekaa palepale ulipo. Ulipita ukienda na kitambaa chako cha buluu, na ulipita ukirudi, viatu mkononi, unaimba. Mara mbili, Morenike. Mara mbili ulipita mlango wa dada yake Azuka kwenda kumlilia mtu baki!"

Na akaanza kulia, mwanamke huyu niliyekuwa namwogopa. Amesema lile shuka alilifua kwa sababu ndiye aliyemfulia Azuka nepi zake, na hakutaka mtu mwingine amfulie la mwisho. Amesema alikuwa akingoja niende kwake tangu Januari, akawa anapika chakula cha kuzidi kila Jumapili, kisha anawapa watoto wa jirani.

Nimevuta karai tukasugua majani pamoja. Nimerudi na bakuli la supu na harufu yake mikononi.

Jumatatu, 10 Julai. Afo

Nwakaego kasema: "Tulia. Mabinti tunaitana." Nimetulia kadiri ninavyoweza. Nimesahihisha karatasi za kidato cha nne na kuwapa alama nyingi mno.

Alhamisi, 13 Julai

Shamba limepaliliwa mara ya tatu. Miti iliyolala imesimamishwa na kufungwa upya.

Jumatatu, 17 Julai

Wamekuja! Mabinti wa ukoo arobaini na kitu, wazee kwa wasichana, kutoka kila kijiji walikoolewa, na mikeka, na sufuria, na watoto wa kunyonya. Hawakuja kwangu. Wameingia uani kwa Okwuchi, wakatandika, wakawasha moto, wakaagiza kuni na chumvi kwa mke wake kama walio hotelini. Okwuchi katoka bafuni na taulo, kawaona, karudi bafuni.

"Kaka!" Nwakaego kamwitia mlangoni. "Oga taratibu. Hatuna haraka. Tumekuja kukaa mpaka mmalize kesi."

Jumanne, 18 Julai. Afo

Leo mabinti wamekaa mlangoni mwa ukumbi, na mimi nimeitwa nikae nyuma yao. Kwa mara ya kwanza nimeliona baraza kwa macho badala ya kulisikiliza kutoka jikoni. Si kelele kama nilivyofikiri. Kila mmoja akimaliza, anayefuata anarudia kwanza kile kilichosemwa, ili mwenzake akiri kwamba amesikiwa. Ndiyo maana hawamalizi.

Mwanzo nimeomba ruhusa. Nimesema: "Nilikwenda kwa mtu wa nje kabla ya kuja kwenu. Sikujua nyumba niliyomo. Naomba mnisamehe." Mzee Anyaorah kayarudia maneno yangu yote, moja moja. Nilikuwa nayaonea haya, na nilivyoyasikia mdomoni mwake yalikuwa mepesi kidogo.

Kisha Nwakaego. Hakunitaja kabisa.

"Somadina ni wa nani?"

"Wetu," wamejibu.

"Atakapokuwa mkubwa ataolewa nje, kama mimi. Ataitwa kuja kuosha wafu wenu, kama mimi. Siku mume wake akimpiga, atarudi wapi? Mimi nilirudi, mnakumbuka. Nilirudi na mtoto mgongoni, na Azuka akahamia nje akanipa chumba chake, miezi minne. Kila binti aliyekaa hapa ana mlango wa baba yake. Mnataka kutengeneza binti wa ukoo asiye na mlango? Basi mwambieni leo, na siku ya kufa kwenu msimwite."

Mmoja mmoja wamesema: nyumba ibaki. Thelathini na mmoja. Okwuchi kabaki anatazama vidole vyake vya miguu. "Sijafika," kasema. "Bado sijafika hapo mlipo."

Na Mzee Anyaorah kasema, "Basi tutalirudia."

Thelathini na mmoja kwa mmoja! Nimemfuata nje. "Mzee, kwa kura lingekwisha leo."

"Tukimpita leo tukamwacha nyuma, kesho atakaa na nani? Na wewe, mke wetu, unafikiri kwa nini uko kwenye nyumba ile mpaka leo? Siku ya kwanza walikuwa kumi na tisa kwa kumi na tatu. Wangepiga kura, ungehama Mei."

Kaniita mke wetu. Nililigundua hilo nilipofika kitandani. Na hilo la kura ndilo linaloniweka macho. Nimelilaani baraza hili miezi miwili na nusu kwa kutomaliza, na kutomaliza kwake ndiko kulikoniwekea paa.

Alhamisi, 20 Julai

Nimewahi shambani alfajiri, kabla ya shule, kumvizia mpaliliaji. Alikuwapo. Mgongo ule naujua, ni mgongo wa Azuka, ila mpana zaidi.

"Shemeji Okwuchi?"

Hakugeuka. "Umande mwingi, utaharibu viatu."

"Tangu Mei ni wewe?"

"Kaka alinipalilia mimi nilipovunjika mguu. Misimu miwili."

"Lakini nyumba unaitaka."

"Nyumba naitaka. Mwanangu anaoa, ana haki ya pa kulala." Kapiga jembe mara mbili tatu. "Kesi ni kesi, Mama Somadina. Magugu ni magugu."

Nilimwandika humu kama mwenye koo kubwa tu. Nilimwambia kwamba upande wa mashariki wa kiwanja, kwenye migomba, pana nafasi ya vyumba viwili, na kwamba sitasema neno kijana akijenga hapo. Kasogea kilima kingine.

Jumatano, 26 Julai. Afo

Mabinti bado wapo uani kwake, siku ya kumi. Mke wake amekonda.

Okwuchi kasema: "Nimefika." Ni hilo tu. Mzee Anyaorah kalirudia: "Okwuchi amefika." Kola imepasuliwa. Nyumba inabaki ya Somadina na yangu, kijana atajenga kwenye migomba, na mabinti wamekunja mikeka wakiimba matusi kwa kaka zao, ambao walicheka kwa raha ya kuwaona wanaondoka.

Nwakaego kaniambia nisipokwenda kwake Jumapili atakuja kunifuata na fimbo.

Ijumaa, 28 Julai

Mtihani wa kufunga muhula. Swali la nne: "Chagua serikali yoyote. Nani anaweza kukataa, na anasikilizwa vipi?" Chidubem kajaza kurasa sita kuhusu bibi yake. Nimempa alama zote.

Ijumaa, 4 Agosti

Wiki ijayo ni sikukuu ya viazi vikuu vipya, na njia ya mtoni hulimwa na wake wa ukoo kabla yake. Sikulala vizuri. Niliisikia kengele ya chuma ikitokea mbali, nikamsikia Mama Obiageli akimwita jirani wa kulia. Nikasikia hatua. Zikasimama.

"Mke wetu! Mama Somadina! Unangoja njia ijilime? Toka na jembe, na usituletee uvivu wa walimu!"

Nimefungua mlango nikiwa nimefunga kitambaa vibaya. Jembe sina, nilitaka kumwambia, limepotea tangu Mei. Okwuchi alikuwa anavuka ua, na jembe la Azuka mkononi, lile lenye mpini aliouchonga mwenyewe. Limenolewa hadi linang'aa.

"Mpini ulikuwa umelegea," kasema. "Nimeukaza." Kanipa, kaenda zake.

Nimechelewa, kwa sababu nililia kwanza. Nimetozwa faini ya kuchelewa, mkungu wa ndizi, na Mama Obiageli hakunihurumia hata kidogo. Kipande changu kilikuwa kuanzia jiwe kubwa hadi kivukoni. Nimekilima chote.